Kata Mtandao, Simu Inakuja

Mimi siwezi kupaza sauti. Sina ugonjwa wowote. Nilipokuwa kidato cha kwanza mganga wa zahanati alinimulika kooni akasema koo ni zima. Ni aibu tu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini likifika mdomoni linageuka pumzi. Wavulana wa darasani walikuwa wanasema nina sauti ya kuku anayelalia mayai. Kwa hiyo mambo yangu mengi huwa nayaandika. Hili nimeliandika mara tatu nikachana, na hii ni ya nne.

Nilikuwa naishi Same mjini kwa mjomba wangu, kaka yake mama, kwa sababu ya shule. Baba na mama wako Ndungu kwenye mpunga. Mjomba alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma, na shirika lilipouzwa kwa mtu binafsi, makarani waliambiwa waende nyumbani. Wenzake wengi walinunua mashine za kusaga au wakaingia kwenye mitumba. Mjomba akanunua kompyuta mbili, akapanga chumba karibu na stendi, akaandika ukutani kwa rangi ya mafuta: INTANETI NA SIMU. Watu wakamcheka.

"Bwana mkubwa," kinyozi wa jirani alimwuliza, "hiyo intaneti inasaga mahindi?"

"Inasaga wajinga," Mjomba akajibu. "Karibu ndani."

Shida ilikuwa laini. Laini ya simu ilikuwa moja, na mtandao ulipita humohumo. Mtandao ukiwa hewani, simu haiingii. Anayepiga kutoka Dar anasikia ule mlio wa kwamba laini inatumika, basi. Na watu wetu walikuwa wanasubiri simu. Tuseme mama mmoja wa Mamba, kijiji cha juu mlimani, ana mtoto wake mbali. Mtoto anatuma baruapepe kwa Mjomba: Alhamisi saa nane nitapiga, naomba mama awepo. Habari inapanda mlimani na dereva wa lori la tangawizi, mama anateremka na lori hilohilo, anakaa kwenye benchi letu. Ikifika saa nane kasoro dakika tano, lazima aliyeko kwenye kompyuta atoke mtandaoni. Mjomba akiwepo alipiga ukelele mmoja tu, "Kata mtandao!" na watu wakatii huku wanaguna. Asipokuwepo, kazi hiyo ni yangu.

Mara ya kwanza nilipoachwa peke yangu nilisimama nyuma ya kijana mmoja wa stendi nikasema samahani kaka, samahani kaka, mpaka saa ya simu ya mtu ikapita. Alipogeuka akashtuka. "Kumbe kuna mtu! Nilidhani ni feni." Watu kwenye benchi walicheka mpaka na yule mama aliyekosa simu akacheka. Nilikwenda uani nikalia. Siku ile ndipo nilipoanza kuwaza habari ya ukurasa.

Aliyetuuzia kompyuta alikuwa ameacha kitabu kinene cha Kiingereza, hakina jalada, kinachofundisha kutengeneza kurasa za mtandao. Nilikisoma na kamusi. Kompyuta ilipokuwa na mteja niliandika maagizo kwenye daftari la Fizikia, upande wa nyuma, nikayanakili kwenye mashine ilipokuwa wazi. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, unaweza kukiachia agizo: ukimaliza kuhesabu muda huu, fanya kazi hii. Halafu hukisubiri. Wewe unaendelea na yako, nacho kinahesabu kimyakimya, sekunde moja kinaikata vipande elfu. Muda ukitimia kinakuita. Nilipoelewa hapo nilishika kichwa. Niliona kama ni kitu kilichotungwa kwa ajili yangu.

Ukurasa wangu ulikuwa na orodha ya majina na saa. Asubuhi tukifungua duka naingiza simu zinazotarajiwa siku hiyo, na kwa kila simu ukurasa unakiachia kivinjari vitu vitatu: kazi ya kufanya, muda wa kuhesabu, na jina la mtu. Muda ukifika, kioo chote kinakuwa chekundu, mashine inapiga mlio, na maandishi makubwa yanatokea: KATA MTANDAO, SIMU YA fulani INAKUJA. Hata kama mteja yuko kwenye dirisha lake jingine, chekundu kinamfunika. Hakuna wa kubishana nacho. Mjomba alifurahi, akawaonyesha wateja. "Huyu mpwa wangu ameifundisha mashine kupiga kelele kwa niaba yake."

Kuna mstari mmoja niliouongeza mwishoni, na lazima niuseme. Nilipokuwa najaribu, mara nyingine nilikosea herufi za jina na kioo kikajaa maneno ya makosa mbele ya watu. Nilichukia sana. Nikaandika: kama jina hulioni kwenye orodha, nyamaza. Usionyeshe kitu.

Kompyuta mbili zile hazikufanana. Ya dirishani ilikuwa ndogo, nzito, yenye kivinjari cha zamani, na kwa kuwa hakuna aliyeipenda, ukurasa niliutengenezea pale na ulikaa pale, na mlio wake ulisikika duka zima. Ile kubwa ilikuwa na kivinjari kipya zaidi. Hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee aliyewafundisha hata mjomba wangu na mama yangu, alifika kila siku tukiwa bado tunafagia, akakaa, akaanza kumwandikia binti yake aliyeko ng'ambo. Aliandika kwa kidole kimoja. Barua moja ilimaliza asubuhi, ya pili ikamaliza jioni, na kati yake alikula muhogo wake kutoka kwenye gazeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Logarithimu zinakwendaje?"

"Nzuri, mwalimu."

Mazungumzo yetu kwa mwaka mzima yalikuwa hayo. Nilijua kwamba ukurasa wangu sijaujaribu kwenye mashine yake. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya vivinjari visivyofanana, nikairuka kwa sababu ilikuwa ndefu. Kujaribu kungehitaji dakika mbili tu. Nilikuwa na sentensi yangu tayari: samahani mwalimu, naomba dakika mbili. Lakini kumwinua kitini mzee aliyemfundisha mama yako, unamwinuaje? Sijawahi kuona mtu wa kwetu akifanya hivyo. Nikaiacha sentensi kichwani.

Sasa nimseme mjomba mdogo. Huyu ni kitinda mimba wa Bibi, na ndiye niliyekuwa nampenda kuliko wajomba wote, kwa sababu aliongea mno, akanipumzisha mimi kuongea. Babu alipofariki alimwachia kipande cha shamba kule Mamba, upande wa juu, penye tangawizi nzuri. Mjomba mdogo akakiuza. Alisema jembe halina maisha siku hizi, biashara zimefunguliwa, kila mtu anauza na kununua, yeye amezaliwa na miguu miwili ya nini. Alikwenda Dar kuuza mitumba.

Bibi alimkuta anafunga begi. Nilikuwepo, nilikuwa darasa la sita. Bibi ni Mlutheri wa kiti cha mbele, hajawahi kutukana hata mbuzi. Siku ile alisimama mlangoni akasema kwa Kipare, polepole, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Umemwuza baba yako. Basi ukiumwa usiniite. Sitaitika."

Mjomba mdogo alicheka kidogo, akasubiri, halafu akaona mama yake hacheki. Akachukua begi.

Kwetu maneno ya mzazi aliyeyasema kwa uchungu hayafutwi na mtu mwingine. Mchungaji anaweza kuomba, wajomba wanaweza kukaa kikao, lakini mdomo ulioyatoa ndio unaoyarudisha. Mama anachukua maji mdomoni, anampulizia mwanawe, anasema sikusema, au nilisema na sasa nayameza. Ni dakika moja. Kwa miaka minne Bibi na mwanawe hawakuipata hiyo dakika, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Mwaka jana, mwezi wa pili, baruapepe ilifika dukani. Aliyeiandika alijitambulisha kuwa anauza mitumba pamoja na mjomba mdogo. Alisema mjomba mdogo amelazwa, ana uvimbe tumboni, watampasua Jumatatu. Anaogopa. Si kisu anachokiogopa, anaogopa kuingia chumba kile na maneno ya mama yakiwa bado mgongoni mwake. Anaomba mama awepo kwenye simu Jumamosi saa kumi jioni. Atajikongoja mpaka kwenye simu ya kulipia nje ya hospitali.

Mjomba aliisoma mara mbili akavua miwani. Habari ikapanda mlimani siku hiyohiyo, na dereva aliporudi akaleta jibu la Bibi: "Mwambieni nitakuwepo."

Ijumaa umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kioo cha kompyuta ndogo kikatoa moshi. Mjomba akasema atakipeleka kwa fundi mjini Moshi kesho alfajiri, saa tisa alasiri atakuwa amerudi. "Huo ukurasa wako uhamishie kwenye kubwa. Unaweza?"

"Naweza, Mjomba."

Jumamosi asubuhi niliuhamisha. Ukafunguka vizuri, orodha ikaonekana, rangi zake zilezile. Siku hiyo simu ilikuwa moja tu, nikaingiza jina la Bibi na saa. Nilitaka kuweka jaribio la dakika moja nione chekundu kikitokea. Nikageuka, Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na gazeti la muhogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Logarithimu?"

Nikampisha.

Bibi alifika saa nane. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na sweta, na mkononi ana chupa ya soda yenye maji ya chemchemi ya nyumbani, imezibwa kwa gunzi. Alinivuta sikio, ndivyo anavyonisalimu. "Mke mwenzangu, mbona umekonda? Huko shule wanakula vitabu?" Nikacheka. Kisha akaninong'oneza, naye akawa na aibu: "Eti nikipuliza maji kwenye hicho kidude cha simu, hakitaharibika?"

"Tutaweka kitambaa, Bibi."

"Na yeye atayasikia?"

"Atasikia ukipuliza."

Tulikaa kwenye benchi. Simu ilikuwa juu ya meza ndogo mbele yetu, nyeusi, nimeifuta vumbi. Alinisimulia jinsi mjomba mdogo alivyozaliwa siku ya mvua kubwa, akacheka peke yake. Alikuwa anarudiarudia maneno yake kwa midomo, bila sauti, kama mtoto anayekwenda kukariri shairi. Kila baada ya muda ananigusa.

"Bado?"

"Bado, Bibi."

"Saa bado haijafika?"

"Ikifika mashine itasema yenyewe. Kioo kitakuwa chekundu."

Dukani hakukuwa na saa ya ukutani. Saa ilikuwa kwenye kona ya kioo cha kompyuta, chini, herufi ndogo, na mbele ya kona ile palikuwa na bega la Mwalimu. Ningesimama na kuchungulia juu ya bega lake ningeiona. Ningeweza pia kumwuliza. Mjomba hakuwa amerudi. Nikasikia adhana ya alasiri, nikajiambia basi ni karibu, sasa hivi kioo kitakuwa chekundu. Nikashika vizuri kitambaa cha kufunika simu. Bibi akatoa gunzi kwenye chupa.

Akakaa hivyo na chupa wazi mkononi.

"Bado?"

"Bado, Bibi. Itaita yenyewe."

Mwalimu alikuwa anaandika, kidole kimoja, tok, tok. Mteja mmoja aliingia kuuliza kama tunauza bahasha, akatoka. Kivuli cha mlango kilisogea mpaka kikafika miguuni kwetu. Mimi nilikiona. Kila siku nilikiona kivuli kile kikifika pale na najua kinafika saa ngapi. Nikasema labda leo kimewahi.

Halafu lori la tangawizi likapiga honi stendi. Lile lori huondoka saa kumi na moja, halijawahi kukosea.

Niliinuka. Nilikwenda mpaka kwenye kiti cha Mwalimu, nikainama, nikaona saa kwenye kona. Saa kumi na dakika hamsini na mbili. Kioo kilikuwa cheupe, barua ya Mwalimu ikiwa katikati yake. Ukurasa wangu uko nyuma, orodha iko, jina la Bibi liko. Umenyamaza.

"Mwalimu, kata mtandao," nikasema. Sauti ilitoka. Sijui ilitoka wapi, ilikuwa kubwa mpaka kinyozi akachungulia.

Mwalimu aliruka kama kiti kina moto. "Nini tena, binti? Si ungesema mapema?" Akakata palepale, hata barua yake hakuituma.

Tukaikodolea simu macho, watu watatu. Haikulia. Honi ya pili ikalia. Dereva akaja mwenyewe mlangoni, "Bibi, wenzako wananung'unika, giza litatukuta kwenye kona za kupanda." Bibi alirudisha gunzi kwenye chupa, akaligonga kwa kiganja likaingia. Akasema, "Hakupiga."

Nikakikunja kile kitambaa cha simu.

"Amekasirika bado," akasema. "Na ana haki."

Mjomba aliingia nusu saa baadaye, basi lake lilikuwa limepasuka tairi. Alitweta. "Wameongea?" Nikatikisa kichwa. "Hakupiga? Mtandao mliukata?"

Nikasema, "Tuliukata."

Hilo neno nimeliandika hapa kama lilivyo. Halikuwa uongo na lilikuwa uongo kuliko wote niliowahi kusema.

Kesho yake, Jumapili, duka limefungwa, niliomba ufunguo nikasema nimesahau daftari. Nikawasha ile mashine kubwa, nikaweka jina langu mwenyewe na dakika moja. Nilikaa nikaitazama. Dakika ikapita, kioo kimya. Nikaufuta ule mstari wa kunyamaza, nikaweka tena dakika moja. Kioo kikawa chekundu, mlio ukalia, na mahali pa jina pakaandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya kwamba hakijulikani. Nikasoma ile sura niliyoiruka. Ilikuwa imeandikwa wazi. Kivinjari cha zamani, ukikipa kazi, muda na jina, kinavitunza vyote vitatu. Hiki kipya kilishika kazi na muda, jina kikalitupa. Kwa hiyo Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano kamili, kilifanya kazi yake. Kiliita. Kilikuja mikono mitupu, kikatafuta jina kwenye orodha, kikakosa, kikafuata agizo langu la kunyamaza.

Nilirekebisha palepale. Jina nikaliandika ndani ya kazi yenyewe, lisikabidhiwe kando, na hapo vivinjari vyote viwili vinakubali. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Ilikuwa Jumapili saa nane mchana. Upasuaji ulikuwa Jumatatu. Ningemwambia Mjomba angeweza kumwandikia yule rafiki, rafiki angekwenda wodini, Bibi angeitwa. Labda isingewezekana, lori halishuki Jumapili. Lakini labda. Nilifunga duka, nikarudi nyumbani, nikaosha vyombo. Nilijiambia atapasuliwa, atapona, atapiga wiki ijayo, nami nitakuwa nimesharekebisha, hakuna atakayejua.

Jumanne simu ililia na mimi ndiye niliyeipokea. Yule rafiki alisema, "Naomba mtu mzima."

Mjomba mdogo alirudishwa Mamba kuzikwa. Vijana wa kijiji walibeba jeneza kutoka barabara ilipoishia, wakipokezana, njia ilikuwa utelezi. Bibi alikaa kwenye mkeka ndani na wanawake, hakulia kwa sauti. Aliniambia tu nimfunge kilemba vizuri. Wakati wa kutupa udongo alitupa, akasimama pale muda mrefu kuliko wengine, midomo inatembea, kisha akaondolewa na mama yangu.

Mimi nilipewa kazi ya kugawa chai. Yule rafiki alikuwa amekaa pembeni kwenye gogo, mgeni, hajui mtu. Nilimpa kikombe. Alinishukuru, halafu kwa kuwa mtu aliyekaa kimya hupewa maneno ya watu, akaanza kunieleza. "Jumamosi ile, mdogo wangu, nilimshika marehemu mkono mpaka kwenye simu. Saa kumi kamili. Inatumika. Tukasubiri, inatumika. Alikuwa anasema jaribu tena, labda wanamalizia. Mara saba. Mpaka miguu ikamwisha nguvu nikambeba mgongoni kumrudisha." Akapuliza chai. "Njiani akaniambia, 'Mama alisema hataitika.'"

Birika lilikuwa la moto, niliendelea kulishika kwa mkono mtupu mpaka akina mama wakaniita.

Nilikaa na hilo tangu mwezi wa pili hadi likizo ya mwezi wa sita. Shuleni sikuanguka, nilipanda namba mbili. Watu wanadhani mtu mwenye jambo moyoni hushindwa kusoma. Dukani ukurasa ulikuwa unafanya kazi vizuri, akina mama wanapata simu zao, Mwalimu anakata mtandao hata kabla ya mlio kuisha. Mjomba mara moja alisema, "Huu ukurasa haujawahi kukosea, eh?" Nikatoka nje.

Likizo nilipanda Mamba peke yangu. Nilimkuta Bibi anachagua tangawizi ya mbegu, anakata vipande, anavikagua macho, pale panapochipuka, kimoja kimoja. Nikakaa nikachukua kisu kingine. Siku ya kwanza sikusema. Siku ya pili sikusema. Siku ya tatu yeye ndiye aliyesema, "Mke mwenzangu, umekuja na mzigo au umekuja kunisaidia?"

Nikamwambia. Nilimweleza kama zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la mfereji, kwa sababu kivinjari asingekielewa. Nikasema, mgawa maji akisahau muda, mtu atamkumbusha. Huyu hakusahau muda. Alifungua maji saa ileile, ila alisahau ni ya shamba la nani, nami nilikuwa nimemwamuru kwamba akisahau asiulize, akae kimya. Hivyo maji yakaenda bure. Nikamwambia rafiki alisema nini kwenye gogo. Nikamwambia nilichomjibu Mjomba, na habari ya Jumapili saa nane mchana. Sikuacha kitu.

Bibi alikuwa ameshika kipande cha tangawizi wakati wote.

"Kwa hiyo alipiga."

"Alipiga, Bibi."

"Ulisema alipiga mara ngapi?"

"Saba."

Kuku aliingia kwenye mbegu, hakumfukuza.

"Saa ilikuwa nyuma ya yule mwalimu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaona aibu kumwinua."

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi niliona kivuli." Alisema akitazama mikono yake. "Nilikaa pale nikakiona kivuli kinakuja, nikajua saa imepita. Nikasema nitamwulizaje mtu aliyesoma, mimi wa mlimani, na chupa yangu ya maji." Kisha uso wake ukabadilika, akanitazama kama mtu aliyekumbuka anaongea na nani. "Lakini ile Jumapili. Ile Jumapili mimi sikuwepo. Ulikuwa peke yako."

Nilitaka kumshika magoti, akayasogeza. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliendelea kukata mbegu, ila alikata vibaya, alikata mpaka kwenye macho, vipande ambavyo haviwezi kuota.

Nilikaa wiki nyingine. Alinipikia, alinipa shuka, usiku alisali kwa Kipare akawataja watoto na wajukuu wote, na jina langu alilitaja mahali pake, kwa sauti ileile. Sikio hakunivuta tena. Alimwita Mjomba kutoka Same, wakakaa nyuma ya nyumba, na Mjomba aliporudi mbele alinipita akaenda kusimama kwenye tangawizi, mikono nyuma, mpaka jua likazama.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta jikoni. Nikamwuliza kile nilichopanda mlima kukiuliza, na safari hii sauti yangu haikugeuka pumzi: "Bibi, umenisamehe?"

Alikuwa anapuliza moto. Alipuliza mpaka ukawaka, akafuta macho kwa sababu ya moshi.

"Nilishawahi kusema neno kwa haraka," akasema. "Usiniulize leo."

Nikambusu mkono, akauacha mkono ubusiwe. Nikateremka na lori. Sasa ni kidato cha nne, mitihani imekaribia, na lori la tangawizi bado linakuja kila Jumamosi. Dereva ananiletea salamu: Bibi anasema usome. Kila mara namwuliza kama kuna neno jingine. Anasema hapana, ni hilo tu.